Staji ya upasuaji na mtihani: kwa nini wanafunzi wetu wa udaktari wanahitaji vyote viwili



Kuna parokia kwetu, kuanzia Salamabila hadi Kasongo, ambazo zina kijana anayesomea udaktari mbali na nyumbani: Bukavu, Goma, Kisangani au Lubumbashi. Sadaka za akina mama zinamlipia masomo, wazazi wanauza mpunga na mawese, na kanisa zima linangoja siku atakaporudi. Halafu katikati ya mwaka ujumbe unafika: "Nimeanza staji ya upasuaji. Ninaomba pesa ya nyumba, ya glavu, ya bluzi nyeupe na ya usafiri." Ndipo wazee wanaanza kuulizana. Tulimtuma kusoma, sasa anafanya kazi hospitalini bila mshahara? Atashika silabisi saa ngapi? Na akianguka mtihani, nani atalipa mwaka wa pili?

Maswali hayo ni ya haki. Kuna familia ambazo zimekata msaada wakati wa staji kwa sababu zilidhani ni likizo. Kwa hiyo katika makala hii tunataka kueleza staji ya upasuaji ni nini, inafanya nini kwa mtihani wa mwanafunzi, inaweza kumharibia wapi, na kanisa linaweza kufanya nini. Tunaandika kama wachungaji. Lakini jambo hili linagusa uhai wa kondoo wetu, na mchungaji hawezi kulinyamazia.

Staji ni nini

Kwa muda mrefu masomo ya udaktari katika nchi yetu yamekuwa ya miaka saba hivi. Miaka ya kwanza mwanafunzi anasoma mwili: mifupa, damu, neva, viungo vya ndani. Baadaye anasoma magonjwa na dawa. Mwishoni anaingia hospitalini na kuzunguka kwa zamu katika idara nne kubwa: tiba ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Katika kila idara anakaa majuma au miezi kadhaa, kisha anahamia nyingine.

Katika zamu ya upasuaji, siku yake inaanza mapema. Anapita kitanda kwa kitanda pamoja na daktari mkubwa. Anaeleza hali ya wagonjwa aliokabidhiwa: joto la mwili, mkojo, kidonda, maumivu. Anaulizwa maswali mbele ya wenzake. Kisha anaingia chumba cha upasuaji, ananawa mikono kwa utaratibu, anavaa, anashika vifaa, anaangalia, na akiruhusiwa anashona ngozi. Mchana anafunga vidonda na kuandika mafaili. Usiku, zamu yake ikifika, anakesha.

Mtihani unapima nini

Watu wengi wanafikiri mtihani ni kitu kimoja. Sivyo. Mwaka 1990 mwalimu mmoja wa Marekani, George Miller, alieleza ujuzi wa daktari kama piramidi yenye ngazi nne. Ngazi ya chini ni kujua jambo. Ya pili ni kujua jinsi linavyofanyika. Ya tatu ni kuonyesha mbele ya mwalimu kwamba unaweza kulifanya. Ya juu kabisa ni kulifanya kweli kazini, siku kwa siku, bila kuangaliwa.

Mtihani wa kuandika unapima ngazi mbili za chini. Ili kupima ngazi ya tatu, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mwaka 1975 mtihani wa vituo: mwanafunzi anapita kutoka meza hadi meza, na katika kila meza anafanya kazi moja kwa dakika chache, kwa mfano kupima tumbo, kusoma picha ya mfupa au kuzungumza na mgonjwa. Leo mtihani wa namna hiyo unatumika katika nchi nyingi, pia Afrika. Ngazi ya nne haipimwi na karatasi yoyote. Inapimwa na mgonjwa aliyepona au aliyekufa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama staji inasaidia mtihani, tumuulize kwanza: mtihani upi?

Staji inasaidia vipi

Tuchukue mfano mmoja. Karatasi ya upasuaji inasema: kijana wa miaka kumi na saba ana homa ya majuma mawili, tangu jana tumbo linauma sana, sasa limekuwa gumu kama ubao, mapigo ya moyo yanakimbia, presha imeshuka. Utafanya nini kwanza? Mwanafunzi aliyesoma silabisi peke yake anakumbuka kwamba homa ya tumbo inaweza kutoboa utumbo, na kwamba dawa yake ni upasuaji. Anaandika: "Kupasua mara moja." Anapoteza pointi. Yule aliyekaa staji amewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo. Anajua kwamba ukimpeleka mezani akiwa amekauka maji, anaweza kufa kabla kisu hakijafika. Anaandika: serumu, mpira wa kutoa uchafu wa tumboni, antibiotiki, kupima damu na kutafuta wa kumtolea, kisha upasuaji. Hakukariri mpangilio huo. Aliuona.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Mtihani wa upasuaji kwa sehemu kubwa hauulizi jinsi ya kukata. Unauliza nani apasuliwe, lini, atayarishwe vipi, na atunzwe vipi baada ya kupasuliwa. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu, mzee mwenye moyo dhaifu na ngiri iliyobana, mama aliyepoteza damu nyingi: maswali yao yanatumia tiba ya ndani kama yanavyotumia upasuaji.

Ndiyo sababu mpangilio wa zamu una uzito. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa miaka mingi zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanafunzi wanaofanya zamu ya upasuaji baadaye katika mwaka, hasa wakiisha kupita tiba ya ndani, wanapata pointi za juu kidogo katika mtihani wa kuandika wa upasuaji kuliko wale walioanza nayo. Anayeanza na upasuaji si mjinga kuliko mwenzake. Zamu zilizotangulia zinamfundisha mtu kufikiri juu ya mgonjwa mzima. Mzazi anayelinganisha pointi za mtoto wake na za mtoto wa jirani akumbuke hilo. Labda mmoja alikutana na upasuaji wakati bado hajajua kusoma faili la mgonjwa.

Saa nyingi si dawa

Jambo la pili linaweza kushangaza. Mtu angefikiri kwamba mwanafunzi aliyeshuhudia upasuaji hamsini atampita aliyeshuhudia ishirini. Tafiti nyingi hazikuona hivyo. Hesabu ya saa katika chumba cha upasuaji, au hesabu ya wagonjwa, ina uhusiano mdogo na pointi za mtihani wa kuandika. Mwanafunzi anaweza kusimama saa nne akishika chombo cha kufungulia kidonda, huku haoni chochote isipokuwa mgongo wa daktari. Amechoka, lakini hajajifunza.

Kinachozaa matunda ni yale anayoyafanya na mgonjwa mmoja. Je, alimuuliza historia yake mwenyewe? Je, alipima tumbo kabla ya daktari kumwambia jibu? Je, alirudi jioni kusoma ugonjwa huohuo katika kitabu? Je, alimfuata mgonjwa hadi siku ya kurudi nyumbani? Mwanafunzi wa namna hiyo akikutana na swali, anakumbuka uso wa mtu.

Tena kuna nguvu katika kuulizwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na tena na wale waliolisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Maswali ya asubuhi kando ya kitanda yanafanya kazi hiyohiyo: yanamlazimisha mwanafunzi kuitoa elimu kichwani mwake. Wengine wanayaogopa kwa sababu ya aibu. Lakini aibu ya asubuhi inalinda pointi za sesio ya kwanza, mradi mwalimu aulize ili kufundisha na asiulize ili kudharau.

Hospitali kubwa au hospitali ndogo?

Wazazi wengi wanataka mtoto wao afanye staji katika hospitali kubwa ya mjini. Wanaogopa kwamba akipelekwa hospitali ya mbali, yenye madaktari wachache, atabaki nyuma. Hofu hiyo ina sababu: mahali pasipo na mtu wa kumsimamia, mwanafunzi anaweza kuachwa afanye mambo asiyoyaweza, na mgonjwa akaumia.

Lakini udogo wa hospitali peke yake hauharibu mtihani. Mwaka 1997 chuo kikuu cha Flinders, Australia, kilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi wa udaktari kukaa mwaka mzima katika miji midogo ya mashambani, badala ya kuzunguka idara za hospitali kubwa ya mji. Matokeo ya mitihani yao yalilinganishwa na ya wenzao na kuchapishwa mwaka 2004. Wale wa mashambani hawakubaki nyuma. Walipanda kuliko wale waliobaki mjini. Kule mashambani mwanafunzi alikutana na mgonjwa kabla ya mtu mwingine kumkuta, alimfuata kwa muda mrefu, na daktari wake alimjua kwa jina.

Australia si Maniema. Wao wana barabara, umeme na vifaa. Lakini somo linatufaa: hospitali yenye msimamizi mwaminifu, wagonjwa wa kutosha na muda wa kusoma inaweza kumtayarisha mwanafunzi vizuri, hata ikiwa mbali na mji.

Staji inapoharibu

Tusidanganyane. Kuna staji zinazobomoa. Kuna mwanafunzi anayegeuzwa mtumwa wa kubeba mafaili na kununua mikate ya wakubwa. Kuna anayekesha usiku tatu kwa juma, kisha anaingia mtihani akisinzia. Kuna anayeshinda njaa kwa sababu pesa ya nyumbani haikufika, na kichwa chenye njaa hakishiki somo. Kuna binti anayetakiwa kutoa mwili wake ili apewe pointi za staji. Hilo ni dhambi na ni kosa la jinai. Kanisa lisiseme "vumilia tu." Lisimame naye, limtafutie ulinzi na mwanasheria.

Kuna pia kosa la mwanafunzi mwenyewe: anapenda chumba cha upasuaji mpaka anasahau vitabu. Anajua kushona vizuri, lakini hajui kwa nini kidonda kile kilipaswa kuachwa wazi. Mikono bila akili ni hatari kama akili bila mikono.

Mifano ya karibu nasi

Tunapofikiri juu ya daktari aliyefinyangwa na mahali alipofanya kazi, tunamkumbuka ndugu yetu Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alisomea udaktari Bujumbura, akaanza kazi mwaka 1983 katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, akiwa na nia ya kutibu watoto. Kule aliona wanawake wakifika wakiwa wameumia au kufa kwa sababu ya uzazi, na akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uzazi na magonjwa ya wanawake. Wagonjwa wa kijijini ndio waliomwonyesha somo la kusoma. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, kilichoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1991, wanafanya staji zao Panzi.

Tutazame pia ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Tanzania imetegemea kwa miaka mingi wasaidizi wa madaktari waliopewa mafunzo ya miaka michache zaidi, yenye mazoezi mengi ya mikono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na matokeo ya wagonjwa wao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye digrii. Mazoezi yaliyosimamiwa vizuri yanaokoa watu.

Hata historia ya nchi yetu inasema hivyo. Wakati wa uhuru mwaka 1960 Kongo ilikuwa na wasaidizi wa madaktari wenye uzoefu mrefu, lakini hawakuwa na digrii ya udaktari. Shirika la Afya Duniani lilisaidia wengi wao kwenda Ufaransa kumaliza masomo, nao hawakurudishwa kuanza mwanzo, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imekwisha kufundishwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Salamabila

Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni tano duniani hawafikii upasuaji salama wanaoweza kuulipia. Tume hiyo ilitaja kazi tatu ambazo kila hospitali ya wilaya inapaswa kuziweza: kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje. Sisi wa Salamabila tunazijua zote tatu bila kusoma ripoti. Tunamjua mama ambaye mtoto amekwama. Tunamjua kijana mwenye tumbo gumu. Tunamjua mchimbaji wa dhahabu ambaye shimo limemwangukia na mguu umevunjika. Njia ya kwenda Kasongo ni ndefu, wakati wa mvua ni matope, na mara nyingine bunduki zinaifunga. Anayesubiriwa ni munganga aliyeko hapa usiku huu. Pointi zake za chuo hazitaulizwa na mtu. Tutauliza kama anajua la kufanya kwanza.

Neno la Mungu linatuonyesha njia hiyohiyo. Elisha alijulikana kama mtu aliyemimina maji juu ya mikono ya Eliya. Kabla ya kuwa nabii alikuwa mtumishi anayetazama kwa karibu. Bwana Yesu naye hakuwafundisha wanafunzi wake kwa maneno tu. Katika Luka sura ya 10 aliwatuma wale sabini wawili wawili, wakaenda, wakafanya kazi, wakarudi kutoa habari, naye akawasahihisha furaha yao. Kutumwa, kufanya, kurudi, kusahihishwa: staji njema ina mambo hayo manne. Likikosekana la mwisho, mwanafunzi anarudia makosa yake na kuyaita uzoefu.

Tufanye nini

Kwa parokia na wazazi: bajeti ya masomo ihesabu staji tangu mwanzo wa mwaka. Mwanafunzi anahitaji chakula, nyumba karibu na hospitali, glavu, usafiri na pesa ya mwanga wa kusomea usiku. Msimwite nyumbani kwa kila matanga na kila harusi wakati wa zamu. Juma moja alilokosa ni wagonjwa ambao hatawaona tena.

Kwa wanafunzi: kila siku chagua mgonjwa mmoja, umjue kabisa, na jioni usome ugonjwa wake. Juma likiisha, kaa na wenzako watatu mwulizane maswali bila kufungua silabisi. Ukipangiwa upasuaji kabla ya tiba ya ndani, anza mapema kusoma juu ya maji ya mwili, damu, kisukari na moyo. Mahali ambapo hujui, sema "sijui" kabla ya kushika kisu. Tena jifunze ukaguzi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane, moja ikiwa Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kumwuliza mgonjwa jina lake na kuhesabu vitambaa si kazi ndogo.

Kwa madaktari na wauguzi walio waamini: mwanafunzi aliye mbele yenu ni shamba mlilopewa. Dakika kumi za kumweleza kwa nini mmeamua hivi zina faida kuliko saa nne za kumsimamisha. Mkumbuke pia kwamba mgonjwa ni mfano wa Mungu. Aombwe ruhusa, afunikwe, asichekwe.

Na kwa sisi sote tunaolazwa: mwanafunzi akija na bluzi yake nyeupe, kijana, akitetemeka kidogo, na msimamizi wake yuko pale, tusimfukuze. Tumjibu maswali yake. Tumruhusu apime tumbo. Siku moja atakuwa peke yake usiku, mbele ya binti yetu, na atakumbuka tumbo lile.

Tuwaombee wanafunzi wetu walio staji wakati huu, ili Bwana aipe mikono yao utulivu na akili zao nuru. Na baada ya kusema amina, tuwatumie pesa ya chakula.